Majina ya Kiswahili na Sauti za Ugenini: Mabishano juu ya Albamu ya Filamu ya Simba, 2019

Mwezi wa Julai 2019 yalizuka katika Afrika ya Mashariki mabishano ambayo, kwa juu juu, hayakustahili kuingia katika jarida la wachunguzi wa lugha. Yalikuwa mabishano ya wapenzi wa muziki juu ya albamu moja ya mwimbaji wa Marekani, Beyoncé Knowles-Carter: je, ni nzuri au ni mbaya, wimbo upi ubaki na upi utupwe, na kwa nini walikaribishwa waimbaji wa nchi hizi wakaachwa wa nchi zile. Mambo ya namna hiyo husemwa vibarazani na katika mabasi, na siku hizi zaidi katika simu, na aghalabu hufa baada ya juma mbili. Lakini ndani ya mabishano haya palikuwa na jambo ambalo halikufa, nalo latuhusu sisi tushughulikao na Kiswahili kuliko linavyowahusu wauza muziki. Albamu ile ilitungwa kwa ajili ya filamu ambayo wanyama wake wana majina ya Kiswahili, na hapakuwa na mwimbaji wa nchi za Waswahili aliyealikwa kuimba.

Nataka kulieleza jambo hilo na kulirudisha katika historia yake, ambayo ni ndefu kuliko walivyodhani wengi wa waliobishana. Nalitazama kutoka Kisanga, kata ya Wilaya ya Kilosa katika upande wa Mikumi. Simba wa kweli, mwenye mkia na harufu, ni jirani wa watu wa huko: Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilometa za mraba 3,230, imo katika mkoa huo huo wa Morogoro, na barabara kuu ya Iringa hupita katikati yake. Tena nchi ya Kilosa ina kumbukumbu yake juu ya majina, na juu ya karatasi zinazoandikwa majina, ambayo nitaifikia.

Yafaa kwanza msomaji aelezwe albamu yenyewe. Jina lake ni The Lion King: The Gift, nayo ilitoka tarehe 19 Julai 2019, siku ile ile filamu mpya ya The Lion King, iliyoongozwa na Jon Favreau, ilipofunguliwa Marekani. Katika filamu hiyo Beyoncé alikuwa sauti ya simba jike Nala. Albamu hii isichanganywe na ile nyingine iliyotoka siku chache mbele yake, yenye muziki uliomo hasa katika filamu, kwa maana The Gift ni kazi iliyotungwa kwa kuifuata hadithi tu. Mwimbaji alieleza ya kuwa kwake ilikuwa barua ya mapenzi kwa Afrika, na ya kuwa hakutaka kuazima milio ya Kiafrika kutoka mbali bali kuwaita waimbaji na watengenezaji wa muziki wa Afrika wenyewe. Wakaja: kutoka Nigeria Wizkid, Burna Boy, Tiwa Savage, Yemi Alade, Mr Eazi na Tekno, kutoka Ghana Shatta Wale, kutoka Kamerun Salatiel, kutoka Afrika Kusini Busiswa na Moonchild Sanelly. Waimbaji wa Marekani nao hawakukosa. Kutoka Kenya, Tanzania au Uganda hakuja mtu.

Kwa uzuri wake albamu hii ina milima na mabonde, na hapo ndipo mabishano yalipoanzia. Vipande vyake ni 27, lakini nyimbo ni 14 tu. Vilivyobaki ni maneno mafupi ya wanyama wa filamu, yamepenyezwa baina ya wimbo na wimbo. Wapenzi wengi waliona ya kuwa maneno hayo ni miiba: mtu ameanza kucheza, mara asikia simba mzee akimwusia mwanawe. Wengine waliyatetea, wakisema ya kuwa bila maneno hayo nyimbo zingekuwa mkusanyo tu, mithili ya kapu la sokoni. Wapo waliosema ya kuwa wageni wamempita mwenyeji, wakaonyesha wimbo wa Burna Boy, Ja Ara E, ambao ameuimba peke yake bila mwenye albamu kutia sauti. Basi hii ni albamu ya nani? Wapo waliouona Spirit, wimbo uliotangulizwa kabla ya nyingine zote na kutiwa katika filamu, kuwa ni wimbo wa kanisa la Marekani uliokaa peke yake mwishoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Brown Skin Girl uliwapatanisha takriban wote, na mwaka 2021 picha zake zikapata tuzo ya Grammy.

Mimi nadhani waliolalamika juu ya milima na mabonde walikuwa na haki. Nyimbo zile zenye asili ya Lagos na Accra zina nguvu ya mtu asemaye lugha ya mama yake. Mdundo na maneno vimezaliwa pamoja. Zile zilizokusudiwa kuibeba hadithi ya mfalme na mwanawe zina uzito wa jambo lililopangwa mezani. Lakini jambo linalomshangaza mchunguzi wa lugha ni mahali Kiswahili kilipowekwa. Ukiuacha mwito mfupi unaoufungua wimbo wa Spirit, Kiswahili cha albamu hii kimo karibu chote katika maneno ya filamu yaliyo baina ya nyimbo, na huko hakimo kama usemi bali kama majina: Simba, Rafiki, na wenzao. Mtu akiyaruka maneno hayo ili asikilize nyimbo peke yake, kama walivyofanya maelfu, amekiruka na Kiswahili pamoja nayo. Hata ule mwito wa Spirit, ambao wamtakia mfalme maisha marefu, umepangwa kwa mpango wa Kiingereza. Maneno yake ni ya Kiswahili, lakini viungo vyake sivyo. Mtu wa pwani, au hata wa Kilosa, angemwombea mfalme umri kwa Mungu, wala asingemwamuru aishi kwa kipimo cha muda.

Lalamiko la Afrika ya Mashariki lilitokea mara moja. Mwimbaji wa Kenya Victoria Kimani alilisema hadharani, na wengi wakalipokea: hadithi ni ya nchi yetu, majina ni ya lugha yetu, nasi hatumo. Walikuwa na hoja. Watengenezaji wa filamu ya kwanza, ile ya 1994, walikwenda Kenya kutazama nyika na majabali kabla ya kuichora, na wa filamu ya 2019 vile vile. Wala haikuwezekana kusema ya kuwa waimbaji wa huku hawajulikani. Diamond Platnumz wa Dar es Salaam alikuwa amekwisha kuimba na Davido wa Nigeria mapema mwaka 2014, na mwaka 2017 akaimba na Ne-Yo na Rick Ross wa Marekani. Sauti Sol wa Nairobi nao walikuwa na wapenzi nje ya bara.

Waliojibu walijibu kwa ukali, na majibu mengine yalikuwa na ukweli. Walisema: muziki wa Nigeria na Ghana umeshika miji ya Ulaya na Marekani kwa sababu watu wao wako huko kwa wingi, wanacheza na kununua, Wizkid aliimba na Drake katika One Dance mwaka 2016, na wimbo huo ukazunguka dunia nzima, mfanya biashara hufuata njia iliyokwisha kufyekwa. Wakasema tena ya kuwa filamu si ya Kenya wala si ya Tanzania, ni ya kampuni ya Marekani, na nchi ya Mfalme Simba haimo katika ramani yoyote. Wengine waliongeza dhihaka, ya kuwa watu wa Mashariki huamka pale tu wanapoona sahani imepita. Dhihaka hiyo naiacha, ingawa haikukosa chumvi.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilibishana juu ya viti, na neno lililo kubwa zaidi likapita katikati yao. Hata kama waimbaji watatu wa Dar es Salaam na Nairobi wangalialikwa, Kiswahili cha hadithi hii kingalibaki vile vile kilivyokuwa tangu 1994, yaani lugha ya kutolea majina.

Tuyatazame majina hayo. Simba halina shida: ni neno la Kiswahili na la lugha nyingi za Kibantu za Tanzania, na ndugu zake, kama shumba la Kishona, wamekwenda mbali kusini. Mtoto wa Kisanga husikia neno hilo nyumbani kabla hajaingia shule kukutana nalo kitabuni. Rafiki ni letu. Sarabi, mama yake Simba, ni mangati, yale maji ya uongo yaonekanayo nyikani wakati wa jua kali, nalo ni jina zuri. Pumbaa ni kitenzi, si jina, nacho chaeleza hali ya kuduwaa. Nguruwe yule amepewa kitendo akivae kama kanzu. Mufasa si neno la Kiswahili. Banzai ni neno la Kijapani, na Timon ni la Kiyunani.

Nala lataka maelezo zaidi, maana ndilo la mwenye albamu. Tovuti na vitabu vya majina ya watoto, hasa vya Marekani, hudai ya kuwa Nala kwa Kiswahili maana yake ni zawadi, na kwa kuwa albamu inaitwa The Gift, wapenzi kadhaa waliona hapo siri iliyofichwa. Hakuna siri. Kiswahili kina zawadi, tunu, hidaya, adia na hiba, lakini hakina nala ya maana hiyo. Nala tuliyo nayo ni ile ya sarufi ya wazee, ni-a-la, yaani mimi hapa nala. Na kwa simba jike si jina baya hata kidogo.

Lakini jina ambalo limenifanya niandike makala haya ni Shenzi, jina la fisi. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa mshenzi ni nani. Yafaa hata hivyo akumbushwe neno hili lilitembea wapi. Katika karne ya kumi na tisa, watu wa miji ya pwani waliojihesabu kuwa waungwana na wastaarabu waliwaita watu wa bara washenzi, maana yake wasio na dini ya Kiislamu, wasio na adabu ya mji, na aghalabu, wanaoweza kununuliwa. Neno hilo lilipanda na misafara kutoka Bagamoyo, na njia ya misafara iendayo Unyanyembe na Ujiji ilipita Usagara, katika milima ya Kilosa. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Basi wazee wa Wasagara na Wavidunda walilipokea neno hilo si kamusini bali usoni. Baadaye walowezi wa Kizungu walilichukua kutoka kwa wapwani, wakalikata kichwa, wakasema shenzi kwa kila kitu kibaya: mbwa shenzi, kazi shenzi, mtu shenzi. Kwa umbo hilo lililokatwa ndivyo lilivyofika Marekani na kubandikwa fisi mwaka 1994, kwa sauti ya Whoopi Goldberg.

Sidhani ya kuwa waandishi wa filamu walikusudia uovu. Yaonekana walitafuta neno baya la kumpa mnyama mbaya, wakalipata katika orodha. Lakini tazama yaliyotokea 2019. Fisi wawili walipewa majina mapya, Azizi na Kamari. La kwanza ni neno la mapenzi, la pili kwa Mswahili wa leo ni mchezo wa kuchezea fedha. Shenzi akabaki Shenzi. Aliyempa sauti safari hii alikuwa Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Mwigizaji mashuhuri wa filamu ile aliyezaliwa Afrika ya Mashariki akapangiwa jina ambalo ni tusi la Afrika ya Mashariki, na katika kelele zote za Julai ile juu ya nani kaalikwa na nani hakualikwa, sikukutana na mtu aliyelitaja.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu mwaka 2019 haukuwa mara ya kwanza Kiswahili kupewa jina na lugha nyingine kupewa wimbo. Filamu ya 1994 ilifunguliwa kwa sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini, akiimba kwa Kizulu, na nyimbo zenyewe zilitungwa na Waingereza Elton John na Tim Rice. Humo pia mlitiwa wimbo wa simba uliotokana na Mbube, alioutia Solomon Linda katika santuri mjini Johannesburg mwaka 1939. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Jamaa zake waliishtaki kampuni ya Disney mwaka 2004, na shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 2006. Kwa hiyo tangu mwanzo mnyama huyu ana jina la Kiswahili na koo la Kizulu. Mwaka 2019 koo lilibadilika tu, likawa la Kiyoruba na la Kiingereza cha Lagos. Aliyedhani ya kuwa Beyoncé ndiye aliyevitenganisha vitu viwili hivyo hakuitazama filamu ya kwanza kwa masikio.

Kuna na maneno mengine mawili ambayo yalikuwa yamewasha moto kabla ya albamu kutoka, na bila kuyajua hayo mtu hawezi kufahamu kwa nini hasira ilikuwa kubwa vile. Maneno hayo ni hakuna matata. Hayakuzaliwa katika filamu. Mapema katika miaka ya 1980 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa iliyatia katika Jambo Bwana, wimbo wa kuwakaribisha watalii, na mwaka 1983 Boney M wakautoa wimbo huo Ulaya kwa namna yao. Mtanzania kwa kawaida hasemi hivyo. Husema hakuna shida, au hamna tabu, na matata kwake ni ugomvi au vurugu. Hata hivyo ni Kiswahili, na ni cha kila mtu. Mwaka 1994 Disney waliomba Marekani wayaandikishe maneno hayo kuwa alama yao ya biashara kwa nguo, wakakubaliwa mwaka 2003. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyejali. Desemba 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kutaka alama hiyo ifutwe, na watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi. Miezi saba baadaye ikatoka albamu isiyo na mwimbaji wa Kiswahili. Kidonda kilikuwa hakijafunga.

Wanasheria walieleza, na walieleza sawa, ya kuwa alama ya biashara haimzuii mtu kusema maneno. Inahusu kuyachapa juu ya fulana zinazouzwa katika nchi fulani. Lakini maelezo hayo husikika kwa namna ya pekee katika Wilaya ya Kilosa. Msovero, mahali ambapo Mangungo alitia alama yake katika karatasi ya Carl Peters mwezi wa Novemba 1884, pako katika wilaya hiyo. Mangungo alidhani amefanya urafiki na mgeni. Karatasi ilisema ameitoa nchi, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa barua ya kuzilinda nchi nne, Usagara ikiwamo. Hata leo Watanzania wakiuona mkataba wa kipunjo huuita mkataba wa Mangungo. Fulana si nchi, na silinganishi hasara na hasara. Nasema tu ya kuwa mtu aliyelelewa na hadithi hiyo akiambiwa ya kuwa maneno ya lugha yake yameandikwa mahali fulani kwa jina la mwingine, lakini asiwe na wasiwasi, huwa na wasiwasi.

Nisije nikaeleweka kuwa nalaani kuazima. Mkoa wa Morogoro hauwezi kulaani kuazima. Katika miaka ya 1950 mjini Morogoro Salum Abdallah aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na jina hilo lenyewe ni ungamo. Vijana wa wakati ule walizisikia rumba za Cuba katika santuri za GV, wakazipenda bila kuijua lugha ya Kihispania, wakayakariri mahadhi, na pengine hata silabi. Nani aliwaomba Wakyuba ruhusa? Tena palikuwa na wapenzi wa Cuban Marimba na wapenzi wa Morogoro Jazz, bendi ya pili ya mji ule, na ubishi baina yao ulikuwa mkali, kama ulivyokuwa ubishi wa vyama vya beni kabla yao. Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965 na Juma Kilaza akashika uongozi, na Mbaraka Mwinshehe akapata jina upande wa Morogoro Jazz, watu hawakuacha kupimana. Mbaraka alijitenga mwaka 1973 kuunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, na mpaka leo wako wazee ambao hawatakubali umwite mmoja wao bora mbele ya mwingine.

Tofauti, kwa jinsi nionavyo, ni hii. Walioazima Cuba walichukua mlio wakautia maneno yao: habari za mapenzi ya hapa, misiba ya hapa, shida ya fedha ya hapa. Walichoazima kilizaa. Ndiyo sababu wazee waliweza kubishana juu ya nyimbo zile kwa kipimo cha Kiswahili, wakisema huyu ana maneno na yule ana mahadhi. Katika lugha yetu ya kusifu muziki maneno huja kwanza. Mtu husema wimbo ule una maneno mazito kabla hajasema juu ya magitaa. Albamu ya 2019 haikuweza kupimwa kwa kipimo hicho na Mswahili, maana iliazima maneno bila kuyatia wimbo. Kwa hiyo wapenzi wa huku walibaki kupima kwa kipimo cha pili, yaani nani yumo na nani hayumo.

Haikosi kuwa hivyo siku zote. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga muziki wa kufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, akautumia Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akauita Baba Yetu. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata Grammy, na haujapata kutokea wimbo mwingine wa mchezo wa kompyuta uliopata tuzo hiyo kabla yake. Haukuimbwa na Waswahili. Waliouimba kwanza ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, na katika albamu ya baadaye ni kwaya ya Soweto. Matamshi yana kasoro hapa na pale. Lakini ni usemi mzima, una kitenzi na mtendwa, una ombi na jibu lake, na kwaya za Tanzania na Kenya zimeuimba bila kuona haya. Nimewahi kuwapa wanafunzi wa fonolojia wimbo huo wauchunguze mkazo wake. Sijapata kuwapa majina ya fisi. Malaika nao, aliousambaza Fadhili William mapema katika miaka ya 1960, uliimbwa na Miriam Makeba na baadaye na Boney M, na ubishi wa nani aliyeutunga, Fadhili William au Adam Salim wa Tanganyika, umekuwa mrefu. Lakini hakuna anayebisha ya kuwa ni wimbo wa Kiswahili.

Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ng'ambo, mara nyingi mtu akijua ya kuwa Kiswahili ni lugha yangu alinitajia majina ya filamu ile kwa furaha, na akangoja nifurahi. Nilifurahi kwa adabu. Mmoja aliniuliza kama ni kweli lugha yetu ina maneno mengine.

Ipo kejeli moja ya historia ambayo wabishi wa 2019 hawakuitumia, nami naitaja kwa kuwa ni ya Kilosa. Siku albamu ile ilipotoka, mbunge wa Jimbo la Mikumi, ambalo Kisanga imo ndani yake, alikuwa Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Profesa Jay, aliyekalia kiti hicho kuanzia 2015 hadi 2020. Huyu ni mmoja wa walioufanya wimbo wa kughani usemwe kwa Kiswahili chenye fikra, na albamu yake Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001 ilionyesha ya kuwa aina ya muziki iliyotoka Marekani yaweza kubeba maneno yetu bila kuteguka. Jimbo lenye simba wa kweli lilikuwa likiwakilishwa bungeni na fundi wa maneno.

Na huko Kisanga, simba si mfalme. Ni mnyama. Katika ngano zetu sungura humdanganya mara kwa mara, humtumbukiza kisimani au humfunga mtini, na watoto hucheka. Ufalme wake katika filamu ni ufalme wa vitabu vya Ulaya na wa mwana wa mfalme aliyedhulumiwa na baba yake mdogo. Wataalamu wameulinganisha na Hamlet, na ulinganisho huo ni wa haki. Ajabu si kwamba hadithi ni ya Kizungu. Tumepokea hadithi nyingi za Kizungu, na Kiarabu, na Kihindi, na tukazifanya zetu. Neno ni kwamba hii haikupata kutolewa kwetu tuifanye yetu. Ilikuja imekwisha kuvaa nguo zetu.

Mwaka 2020 Beyoncé aliitoa filamu ya Black Is King kwa nyimbo zile zile, na picha zake zilipigwa Nigeria, Ghana, Afrika Kusini, na katika nchi za Ulaya na Marekani. Lalamiko la Mashariki lilirudi kwa sauti ndogo zaidi. Desemba 2024 ikaja filamu nyingine ya mfululizo huu, Mufasa, na nyimbo za Lin-Manuel Miranda, Lebo M akiwamo tena. Safari hii nchi njema ambayo wanyama wanaitafuta imeitwa Milele, na neno hilo limefanywa wimbo. Katika Kiswahili milele ni wakati usiokoma. Waandishi wa filamu wameligeuza kuwa mahali, penye mito na majani. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza waliona kosa hilo siku ya pili baada ya filamu kufika, wakaanza kubishana kama ni kosa au ni ushairi, na mabishano hayo yalifanywa kwa Kiswahili.